Mchezo ao Salongo?



Kuko ubishi mmoja ulioanza katika kalasi yetu na umefika mpaka kwa waalimu. Ni juu ya michezo ya video, hasa ile mikubwa inayoitwa michezo ya dunia wazi. Katika michezo ile mchezaji hapewi njia moja tu ya kufuata. Anapewa inchi nzima, yenye milima, mito, miji na watu, naye anatembea humo namna anavyotaka. Wenzetu wamoja wanasema: kadiri mchezo unavyofanana na maisha, ndivyo unavyokuwa mzuri. Farasi aone njaa, bunduki ishike kutu, viatu vitoboke, ndevu ziote. Wakiona mambo hayo wanasifu: "Aa, huu sasa ni wa kweli!"

Mimi sikatai mambo madogo ya kweli. Ninakataa salongo. Wote tunajua salongo ni nini. Siku ya posho asubuhi unapewa jembe ao fagio, unakata majani yale yale uliyokata juma lililopita, hakuna anayekuuliza unawaza nini, na ukimaliza unangojea yaote tena. Kazi ile iko na faida yake, kiwanja kinakuwa safi, nyoka hawaingii. Lakini sijasikia mtu hata mmoja akiiita mchezo. Basi mchezo wenyewe ukianza kufanana na salongo, tena mchezo ulionunuliwa kwa feza nyingi, tuko na haki ya kuuliza juu ya nini.

Tuchukue ule ambao wote wanausifu, Red Dead Redemption 2. Ulitoka mwezi wa kumi mwaka 2018, kazi ya Rockstar Games, watu wale wale wa Grand Theft Auto. Hadithi yake ni ya Marekani mwaka 1899. Mchezaji anakuwa Arthur Morgan, mtu wa kundi la wanyang'anyi wanaokimbia sheria wakati mapori yao yanaanza kuingiliwa na reli na viwanda. Kwa uzuri wa macho sina ubishi. Ukungu wa asubuhi, matope yanayoshika nguo, jua linapochwa nyuma ya mlima: vyote vimefanywa na watu wanaojua kuangalia.

Sasa tazama kazi. Ukiua paa, Arthur anapiga magoti, anatoa kisu, anachuna ngozi mbele ya macho yako, anaikunja, anaibeba mpaka kwa farasi na kuiweka juu. Mara ya kwanza unanyamaza kabisa. Unaona damu, unaelewa kwamba kuua nyama si jambo la kufinya kifungo na kwisha. Mara ya tano bado ni vizuri. Mara ya hamsini unakwenda kunywa maji wakati anachuna. Mikono ni ile ile, kisu ni kile kile, lakini hakuna kitu kipya unachoambiwa, na hakuna kitu unachoulizwa.

Na si ngozi peke yake. Ukiingia nyumbani mwa mtu kutafuta vitu, unafungua kabati moja moja, droo moja moja, na kila kopo Arthur analishika kwa mkono wake. Bunduki inataka kupakwa mafuta. Farasi anataka kusuguliwa na kulishwa. Mwenyewe anataka kula, asikonde. Kambini huruhusiwi kukimbia, unatembea polepole kama mzee anayetoka kanisani. Tena kambini kuko kazi za kupasua kuni, kubeba magunia, kupeleka ndoo za maji. Ndiyo, ndoo za maji! Mtoto wa hapa ametoka kuchota maji sasa hivi, anakaa mbele ya televizyo apumzike, na kule Marekani ya 1899 ndoo nyingine inamngojea.

Watengenezaji wenyewe nadhani walijua. Mchezo ule uko na namna moja: unaweka alama kwenye karte, unageuza picha iwe kama ya sinema, na farasi anafuata barabara karibu peke yake mpaka unafika. Wamoja wanapenda vile juu wanatazama inchi, na wana haki. Lakini mimi nauliza: kama kupanda farasi ni kutamu mpaka mwisho, sababu gani wametupa mlango wa kutokea?

Kuko kitu kinachoniudhi zaidi. Katika kusugua farasi nina uhuru wote, lakini kazi kubwa ya hadithi ikianza, uhuru unakwisha. Wanasema: mfuate huyu, simama pale, piga wale. Ukijaribu kuzunguka nyuma ya nyumba kwa akili yako, mara maandishi yanatokea kwamba umeshindwa, anza tena. Hapo ndipo ningependa maisha ya kweli, maana katika maisha ya kweli mtu anaweza kuzunguka nyuma ya nyumba. Wametoa ukweli wa mikono, wakazuia ukweli wa kichwa.

Mtu atanijibu: "Ndugu, maisha ndivyo yalivyo. Kuchuna ngozi ni kazi ndefu, mchezo unasema kweli." Jibu hili nalisikia kila siku, na ndilo hasa linaloharibu ubishi wetu. Arthur huyo huyo anapigwa risasi nyingi, anakula kitu cha mkebe, anapona, anaendelea kupigana. Anaua watu, alafu anakwenda posta, analipa deni la kichwa chake kwenye dirisha, na katika jimbo lile mambo yamekwisha. Ni maisha ya wapi hayo? Hakuna mchezo unaoiga maisha yote. Kila mtengenezaji anachagua: hiki nitakiiga, hiki nitakiacha. Na kama amechagua, hawezi kujificha nyuma ya maisha. Tunamwuliza: umechagua hiki kwa faida gani?

Mfano unaotuhusu sisi ni Far Cry 2. Ulitoka mwaka 2008, ulitengenezwa na Ubisoft kule Montreal, Kanada. Mahali pake ni inchi moja ya Afrika yenye vita, haina jina, imebuniwa. Watu waliusifu sana kwa ukweli wake, na kweli walifanya kazi ya ajabu. Karte si picha inayokaa pembeni mwa televizyo, mtu wako anaishika mkononi huku anatembea. Moto unashika majani na unafuata upepo. Bunduki iliyookotwa kwa adui imekula kutu, inakwama katikati ya mapigano. Na mtu wako ana malaria.

Hapo wanafunzi walioko karibu yangu walicheka, na mimi pia. Malaria ya Far Cry 2 ni hivi: mara kwa mara macho yanaanza kuona giza giza, unafinya kifungo, unameza kidonge, inapita, unarudi kwenye bunduki yako. Vidonge vikikwisha, unakwenda kufanyia kazi raia waliojificha, unawapelekea karatasi za kusafiria, wanakupa vingine. Nani kati yetu hajalala siku tatu na malaria? Tunajua baridi ile ya saa sita mchana, kichwa kile, mama anayekaa kitandani pembeni, mtihani uliokosa. Ile ya mchezo haina hata kimoja cha hivyo. Ni saa tu inayolia kila mara ikuambie: meza. Wametwaa ugonjwa mkubwa wa inchi zetu, wakaufanya zamu.

Lakini la malaria ni dogo. Angalia walichoacha. Katika inchi ile nzima karibu kila mtu unayemkuta njiani ni mwenye bunduki, naye anakupiga kabla hujamsalimu. Raia ni wale wachache waliojificha. Soko halina wamama wanaouzisha mihogo, hakuna watoto wanaotoka masomo, hakuna kijana wa kinga (ninyi munajua tshukudu?) anayesukuma mzigo. Sisi tunaojua vita kwa karibu tunajua kwamba hata katika vita watu wanalima, wanaoa, wanapika, wanapeleka watoto kalasini. Basi kutu ya bunduki wamehesabu, watu wamesahau. Tena vizuizi vya barabarani: unapigana na walinzi wote, unaondoka, unarudi baada ya muda mfupi, wenzao wamekwisha kujaa pale tena. Mara ya kwanza ni hofu. Mara ya ishirini ni majani ya salongo, yameota tena.

Sasa nirudi kwa Arthur, na mwenye kuwa bado anacheza mchezo ule aruke fungu hili. Karibu na mwanzo anatumwa kudai deni kwa maskini mmoja, Thomas Downes. Anampiga. Yule anakohoa, damu yake inamrukia Arthur usoni. Unafanya kazi ile kama kazi nyingine yoyote, unasahau. Masaa mengi yanapita, na Arthur naye anaanza kukohoa. Ni kifua kikuu. Tangu siku ile uso wake unabadilika, anakonda hata umlishe namna gani, watu wanamtazama vingine, naye mwenyewe anaanza kuwaza aliishi namna gani. Hakuna kifungo cha kufinya, hakuna kidonge cha kutafuta kila saa. Ni jambo dogo moja la kweli, kikohozi, na limegeuza hadithi yote.

Linganisheni magonjwa haya mawili. Moja linatupa kazi kila mara na halitufundishi kitu. Lingine halitupi kazi hata kidogo, na hatutalisahau. Basi wingi wa vifungo si kipimo cha ukweli.

Wengine watasema ninachukia kazi. Hapana. Kuko mchezo ambao wote ni kazi, nami naupenda. Ni Death Stranding wa Mjapani Hideo Kojima, uliotoka mwezi wa kumi na moja mwaka 2019. Mtu wako, Sam, ni mbeba mizigo. Anabeba masanduku mgongoni kupitia mito na mawe, toka mji mmoja mpaka mwingine, ndiyo mchezo wenyewe. Wamama wa Bukavu wanaobeba magunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wangeshangaa kusikia kwamba watu wanalipa feza wafanye vile. Lakini nadhani mama yule yule akishika vifungo angeuelewa upesi kuliko mwanafunzi wa kalasi ya sita. Maana mchezo unauliza maswali anayojiuliza yeye kila siku: nibebe mingapi? Kizito kikae chini ao juu? Nipite mtoni penye maji mengi ao nizunguke mlima? Viatu vitafika? Ukibeba kwa tamaa unaanguka, mizigo inachukuliwa na maji. Kila hatua iko na swali, na jibu baya linakuumiza. Kisha, daraja ulilojenga wewe linaweza kutokea katika mchezo wa mtu mwingine mbali, usiyemjua, naye akavuka. Kazi ni nyingi kuliko ya Arthur, hata vile sijawahi kwenda kunywa maji Sam akiwa mtoni.

Ao Kingdom Come: Deliverance, wa mwaka 2018, kazi ya Warhorse Studios ya Prague. Ni Bohemia ya mwaka 1403, na wewe ni Henry, mtoto wa mfua chuma. Mchezo ule uko na salongo yake: kula, kulala, kunawa, chakula kinachooza kifukoni. Tena mwanzoni, ili kutunza ulipofika ulihitaji kulala kitandani penye ruhusa ao kunywa kinywaji maalum. Watu walilalamika, nao wakaongeza namna ya kutunza wakati wa kutoka. Nayapita hayo. Linalonifurahisha ni hili: Henry hajui kusoma. Ukifungua kitabu, herufi zimevurugika, ni takataka. Ni lazima umtafute mwandishi akufundishe, na hata baada ya somo herufi hazitengenei zote mara moja. Unasoma kitabu, maneno machache yanakaa sawa. Unasoma kingine, yanaongezeka. Ni kazi ndefu, lakini kila siku ukurasa si ule wa jana. Naomba mwalimu wetu anayesema michezo yote ni upumbavu aangalie sehemu hiyo tu.

Kama munataka kuona mwisho wa njia ya "maisha ndivyo yalivyo", kuko mtu aliyekwisha kuifuata mpaka mwisho, kwa kucheka. Penn na Teller, wachekeshaji wawili wa Marekani, walitayarisha mchezo karibu mwaka 1995, nao haukuuzishwa. Sehemu yake moja inaitwa Desert Bus. Unaendesha bisi toka Tucson mpaka Las Vegas kwa muda wa kweli: masaa 8. Bisi haipiti mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Barabara imenyooka, jangwa tupu, hakuna abiria. Wala huwezi kufunga kifungo kwa kamba ukaenda kulala, kwa sababu bisi inavuta kidogo kidogo upande wa kuume. Ikitoka barabarani inazimika, na unavutwa kurudi Tucson, tena kwa muda wa kweli. Ukifika Las Vegas unapewa alama 1. Alafu unaweza kurudi. Walikuwa wanawacheka wale waliodai michezo iwe kama maisha, isiwe na mambo ya kupigana. Tangu mwaka 2007 kundi moja linaucheza kila mwaka mbele ya watu ili kukusanya feza kwa ajili ya watoto wagonjwa. Yaani watu wanatoa feza wakimwonea huruma anayeendesha! Na wale wanaopenda kweli kuendesha kamyo wako na Euro Truck Simulator 2, wa mwaka 2012, wenye mafuta, usingizi na malipo ya makosa barabarani. Lakini angalieni: hata humo barabara zimefupishwa, safari ya siku nzima ni ya dakika. Waliopenda kamyo kuliko wote walijua pa kukata.

Sababu gani ninasema haya kwa ukali? Kwanza, wengi wetu hatuna mashini nyumbani. Tunacheza mjini tukilipia kwa saa. Saa ya mwenye nyumba haijui kama Arthur anapigana ao anafungua droo. Kijana ametunza franka za juma nzima, anapata nusu saa, na katika nusu saa ile anasugua farasi, anapanda farasi, anafika mahali, saa imekwisha, na mwingine nyuma yake anamgonga begani. Ao umeme unakatika. Waliotengeneza michezo ile waliwaza mtu mwenye jioni nyingi na kiti chake mwenyewe. Dakika yetu iko na bei, ndiyo maana tunaona upesi ile iliyotupwa bure. Nadhani hata wenye viti wanaiona, lakini wanaona haya kusema kwa sababu mchezo ule umesifiwa sana.

La pili. Mambo madogo hayajitengenezi. Mwaka 2018, kabla mchezo wa Arthur kutoka, Dan Houser, mmoja wa wakubwa wa Rockstar, aliambia gazeti moja la New York kwamba mwaka ule walitumika masaa 100 kwa juma, tena mara kadhaa. Watu waliposhangaa, akafafanua kwamba alisema juu ya waandishi wanne, kwa majuma matatu. Lakini watumishi wengine wa nyumba ile waliambia waandishi wa habari juu ya jioni na siku za mapumziko walizokaa kazini. Basi kuko mtu aliyekaa usiku, mbali na watoto wake, ili kopo moja katika kabati moja lishikike vizuri, na mimi huku nimekwenda kunywa maji. Kama jambo halimpi mchezaji swali wala hadithi, lingeachwa, na yule mtu angerudi nyumbani.

Mutaniuliza nataka nini. Fallout: New Vegas, wa mwaka 2010, ulifanya jambo rahisi. Karibu na mwanzo unaulizwa: unataka namna ngumu? Katika namna ile ni lazima unywe maji, ule, ulale, na hata risasi zina uzito. Ukikubali, jangwa linakuwa jangwa kweli, unaanza kuhesabu chupa za maji kabla ya safari. Ukikataa, unaendelea na hadithi, na hakuna anayekudharau. Anayependa kusugua farasi asugue mpaka ang'ae. Mimi niruhusiwe kuchuna ngozi mara tano kwa macho yangu, na mara ya sita nikute imekwisha kukunjwa.

Wale wa kalasi ya sita wanaosema ya kwamba mimi ni mvivu, stensili za toleo linalokuja hazijapigwa bado. Waandike. Lakini wasiniletee habari ya jua linapochwa nyuma ya mlima, ile nimekwisha kuikubali.